Sura ya Tisa: Masizi ya Miaka Mitatu

Mtu hufa lini hasa?

Swali hilo Kuang alikuwa amelibeba miaka mitatu, kama mtu aliyefungiwa kaa la moto kwenye upindo wa joho lake. Kulitupa hawezi, kulifumbata hawezi. Wapo wanaosema mtu hufa pumzi inapokatika. Wapo wanaosema hufa siku jina lake linapotajwa kwa mara ya mwisho. Lakini katika nchi ile ya milima na mito ya tope la njano, ambako kila kitu kina ofisi yake, mvua ina ofisi, ndui ina ofisi, hata kisima cha nyuma ya nyumba kina mkubwa wake, mtu hufa siku anapoandikwa kwamba amekufa. Kabla ya hapo anangoja. Wakubwa wa huko juu hawana habari na pumzi. Habari wanayoijua ni ya wino.

Na wino huo unaanzia jikoni. Juu ya kila jiko, katika kila nyumba, ya tajiri na ya fukara, amebandikwa Bwana wa Jiko. Ni karatasi tu, ya bei ya chini, iliyochapwa kwa rangi inayochujuka: mzee wa uso mwekundu, ndevu tano, na mkewe kakaa ubavuni. Mwaka mzima anatazama. Nani kamwaga wali, nani kampiga mwenzake, nani kala kwa kujificha. Siku ya ishirini na tatu ya mwezi wa mwisho wenye nyumba humpaka mdomoni sukari ya kunata, ile ya kimea cha shayiri, ili akifika mbele ya Mfalme wa Mbinguni ama aseme matamu ama midomo isifunguke kabisa. Kisha humchoma moto pamoja na farasi wa majani makavu, naye hupanda juu na moshi kwenda kutoa taarifa. Baada ya siku saba hubandikwa karatasi mpya, na macho huanza tena kutazama.

Peilan, mke wa Kuang, aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja. Kisha akafa. Tangu afe, Kuang hakumchoma Bwana wa Jiko wala hakumbadilisha. Alimwacha palepale ukutani. "Aende wapi huyu?" alikuwa akisema. "Akaseme nini? Alikuwepo, aliona, na hakufungua mdomo." Ikawa mwaka wa kwanza, ukawa wa pili, ukawa wa tatu, na masizi ya kibatari yakamfunika yule mzee mpaka yakabaki macho mawili tu yanayong'aa gizani, kama ya paka aliyetumbukia kwenye gunia la mkaa.

*

Peilan alikufa kwa daraja.

Hakuanguka darajani. Hakulikanyaga hata. Alikuwa kitandani, kile kitanda cha udongo kilichoungana na jiko, anakohoa, na dawa ilikuwa ng'ambo ya mto kwa tabibu. Lakini Liwali wa mji alikuwa anamfanyia mama yake sherehe ya kuzaliwa, na bibi yule alipenda taa. Basi daraja likafungwa siku tatu, likavishwa taa za karatasi nyekundu mia tisa, na askari wakawekwa huku na huku wasipite watu wenye matope miguuni. Kuang alikwenda mara nne. Mara nne alirudishwa. Siku ya pili, jua likiwa linazama na taa zikiwashwa moja moja kama mtu anayehesabu kwa raha zake, Peilan alimaliza safari yake.

Tangu hapo Kuang hakuwa na wimbo mwingine. Liwali. Askari wa Liwali. Mama wa Liwali. Wakubwa wa juu waliompa Liwali kiti. Wakubwa wa juu zaidi waliowapa hao wakubwa mawingu ya kukalia. Mbona anayeamua hafi kwa uamuzi wake? Ni nani aliyepanga kwamba mmoja apende taa na mwingine azimike? Aliyauliza haya akiwa shambani, akiwa kisimani, akiwa anapasua kuni. Kusoma hakujua zaidi ya jina lake, la Liwali na tarakimu, ila kuuliza hakuhitaji shule.

*

Alasiri ile ya ishirini na tatu shemeji yake aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Ni Juhua, mdogo wake Peilan, mwanamke mfupi mwenye sauti inayotangulia mlangoni. Mkononi ana kikapu cha mikate ya mvuke, na kibuyu kilichovishwa kitambaa kisipoe.

"Umekula, shemeji?"

"Nimekula."

"Umekula nini? Jiko hili lina buibui." Akaweka kikapu. "Kuni umerundika mpaka zimegusa paa, jiko baridi kama kaburi. Unampasulia nani kuni zote hizo?"

"Mkono umezoea."

"Haya. Mikate hiyo. Na humu mna maji ya tangawizi, ya moto, unywe kabla hayajapoa." Akainua macho ukutani, akamwona yule mzee mweusi. "Na huyu? Huyu umemfunga kifungo cha maisha?"

"Ana kosa."

"Nawe hakimu." Juhua akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mahali palepale alipofia dada yake.  Kisha akasema, "Nimemwota dada tena."

 Kuang alichukua mkate, akaushika tu.

"Miaka mitatu namwota, na miaka mitatu amesimama. Sijakuambia, nilijua utaanza Liwali, Liwali. Amesimama darajani, daraja jingine, lile la kule, watu wanampita pande zote. Jana nikamuuliza, dada, mbona hukai? Akaniambia, jina langu halijaitwa. Akaniambia miguu inamuuma."

Mkate ulimponyoka Kuang. Hasira ilikuwa ile ile ya siku zote. "Umeona," akasema. "Umewaona walivyo. Hata huko wanamsimamisha foleni. Huku daraja, kule daraja. Makarani wamelala, wamelewa."

"Shemeji..."

"Naenda."

"Wapi?"

"Huko juu. Huyu leo anakwenda, nami nakwenda naye, na hapakwi sukari. Anakwenda mdomo wazi aseme yote."

Juhua hakushangaa. Watu wa nchi ile hawakuona ajabu mtu kwenda mbinguni. Walichoona ajabu ni mtu kwenda bila kula. Akamfungia mikate kwenye kitambaa. Akamtundikia kibuyu begani. Kisha akatoa kwenye mkono wa joho kipande cha sukari ya kimea kilichofungwa kwa jani, akamtia mfukoni kwa nguvu.

"Sitaki."

"Usimpake. Kaa nacho tu. Mtu haendi kwa wakubwa mfuko mtupu."

Kuang alifunga farasi wa majani. Wenzake hufunga wa kutosha kiganja. Yeye alifunga mkubwa kama mbwa. Juhua akauliza kama huyo ni farasi wa mungu au mbuzi wa harusi. Kuang akambandua mzee ukutani, pakabaki mraba mweupe ambao miaka mitatu haukuona moshi. Mraba ule ulimuuma macho. Akawasha moto, wa kwanza tangu siku ile, akawatia mzee na farasi ndani yake. Kuni kavu zikashika mara moja, kama zilizokuwa zikingoja kuitwa.

*

Moshi. Kwanza ni moshi, na ndani ya moshi hakuna juu wala chini. Kuang alikuwa juu ya mgongo wa majani, nyuma ya mzee wa karatasi, na chini yake akaliona paa la nyumba yake, na uani mtu anapasua kuni. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mabega mapana, anapasua polepole ili asimwamshe mtu aliye ndani. Moshi ukazunguka. Mtu yuleyule, miaka arobaini, mgongo umeanza kuinama, anapasua polepole. Moshi ukazunguka. Mzee, anapasua polepole, na ndani hakuna wa kuamshwa. Yupi kati ya hao alikuwa Kuang? Yule aliye juu ya farasi alitaka kumwita mmoja wao, hakujua amwite kwa umri gani. Labda mtu si mmoja. Labda mtu ni kazi moja inayofanywa na watu wengi waliorithishana mwili. Shoka linapanda, shoka linashuka, na mkono unaolishika unabadilishwa ukiwa hewani.

Waliposhuka, farasi alikuwa amebaki nusu.

Ukumbi ulikuwa mrefu kuliko jicho. Hapakuwa na dhahabu wala mawingu. Palikuwa na foleni. Mabwana wa Jiko elfu na maelfu, kila mmoja na uso mwekundu na ndevu tano, kila mmoja na sukari mdomoni; na farasi wao wa majani wakitafunana mikia kwa kuchoka. Wote walikuwa wakiguna. Kila mtu alikuwa na neno na hakuna aliyeweza kulitoa. Mguno ule ulikuwa kama wa nyuki walio ndani ya mtungi.

Mbele yao kwenye foleni alisimama mmoja mnene, joho la hariri, mdomo umepakwa asali na sukari na asali tena mpaka umekuwa kama nta ya mhuri. Machozi yalikuwa yakimtiririka na kugandia kwenye utamu. Kuang aliusoma utepe wa kifuani, maana jina hilo alijifunza kulisoma kwa hasira: Nyumba ya Liwali.

"Huyu analia nini?" akauliza.

"Kila mwaka analia," akasema mzee wake wa karatasi. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, na kila neno lilitoka na wingu dogo la masizi. "Jikoni mwake yapo mengi. Kila mwaka anafika, hawezi. Anaandikwa mema, anarudi."

Mezani alikaa mbweha. Mbweha jike, kavaa kofia ya ukarani iliyotobolewa matundu mawili ya masikio, miwani puani, mkia kaufunika kwa heshima. Katika nchi ile mbweha husomea, hufanya mitihani kama watu, na huyu alionekana kaifanya mara nyingi kuliko alivyopenda. Mnene wa Liwali alipofika mbele yake akaguna kwa nguvu zake zote. Mbweha hakuinua uso. "Mema," akasema, akagonga mhuri. "Anayefuata."

Mzee wa Kuang akasogea. Akakohoa. Masizi yalitoka mengi mpaka karatasi za mezani zikawa nyeusi, na mbweha akavua miwani akaifuta.

"Huyu hakupakwa sukari," akasema taratibu. Foleni yote ikaacha kuguna. "Nina miaka mia mbili kiti hiki. Sijapata mwenye mdomo. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Kuang, bibi karani," akasema Kuang, akajitokeza. "Nimekuja na mashtaka. Mke wangu amesimama darajani miaka mitatu na nyie mmekaa."

Mbweha akafungua kitabu. Kidole chenye ukucha kikashuka, kikasimama. "Kuang. Kijito cha Mawe Meupe. Mke, Peilan. Yupo, anapika."

"Hayupo."

"Yupo."

"Bibi karani, nimemzika kwa mikono hii."

"Mzee, mimi sizungumzi habari za mikono. Imeandikwa hapa. Taarifa ya mwisho kutoka jiko hilo, miaka minne kamili iliyopita: mke anakohoa kidogo, anapika. Baada ya hapo hakuna." Akamgeukia mzee wa karatasi. "Taarifa za miaka mitatu ziko wapi?"

Mzee wa karatasi aliangalia miguu yake.

"Ziko wapi?"

"Nilikuwa ukutani, mama," akasema. "Sikuchomwa."

Kuang alisikia maneno hayo mara moja, akayaelewa baada ya muda, kama mtu aliyejikata na wembe na damu ikachelewa. Akauona ule mraba mweupe ukutani. Akawaza: Liwali alilifunga daraja moja, siku tatu. Nani alilifunga la pili? Alitafuta mkubwa wa kumpa hilo. Alitafuta kwa bidii, juu na chini, miaka yote hiyo alikuwa na akiba ya wakubwa wa kutosha. Hakumpata hata mmoja.

*

"Usinitazame hivyo," akasema mbweha, sauti imepungua ukali. "Hutakuwa wa kwanza kukasirikia karatasi. Njoo uone lakini, maana mkeo ametuletea balaa huko chini."

Akafungua dirisha lililokuwa nyuma ya kiti chake. Chini kabisa palikuwa na mto mweusi, na juu ya mto daraja, na darajani watu wanapita mmoja mmoja. Mwanzoni mwa daraja palikuwa na sufuria kubwa kama bwawa, na bibi kizee anakoroga ile supu ambayo wafu hunywa ili wasahau wavuke kuzaliwa upya. Ubavuni mwa bibi alisimama mwanamke mwembamba, mikono ya nguo kaikunja, anakatakata kitu juu ya jiwe.

"Hana barua ya jikoni kwake," akasema mbweha, "kwa hiyo bibi hampi bakuli. Asiyepewa bakuli havuki. Akasimama. Mwaka wa kwanza akasema supu haina ladha. Mwaka wa pili akatafuta tangawizi, sijui aliipata wapi, huko hakuoti kitu. Mwaka wa tatu bibi anamwachia mwiko kabisa. Sasa watoto wanazaliwa, wanasikia harufu ya jiko wasilolijua, wanalia. Malalamiko yamefika mpaka kwa wakubwa."

Kuang aliegemea dirishani. Mvuke wa supu ulimpiga usoni, na ulikuwa mvuke wa nyumba yake.

"Peilan."

Hakuita kwa nguvu, ila mvuke hubeba. Yule mwanamke aliinua uso.

"Umekula?" akauliza.

Kuang aliinama zaidi dirishani. "Nimekula," akasema. "Juhua kaleta mikate."

"Umemshukuru?"

"Nita... nitamshukuru."

"Hujamshukuru. Miaka mitatu mtu anapanda mlima na kikapu." Peilan akaendelea kukata tangawizi. "Shingo hiyo unaiosha? Hata huku naiona."

"Peilan, ni mimi niliyekusimamisha. Nilikuwa na hasira na huyu mzee, nikamwacha ukutani. Nilidhani namkomoa yeye."

"Ndiyo," akasema Peilan. "Nilifikiri ni kitu kama hicho. Nikasema, kama ni makarani wangeshachoka. Kukasirika miaka mitatu bila kupumzika, namjua mtu mmoja tu."

Bibi wa supu alicheka. Alikuwa na meno mawili.

"Mzee akisema," Kuang aliuliza, "utapewa bakuli?"

"Nitapewa."

"Utanisahau."

Kisu kikatulia juu ya jiwe. "Nitakusahau," akasema. "Na shingo yako. Nimechoka kusimama, Kuang. Miguu."

*

Mkono wa Kuang ulikuwa mfukoni, na kiganjani kipande cha sukari kilikuwa kimeanza kulainika. Tazama jinsi jambo lilivyo rahisi. Angempaka mzee mdomoni, mara moja tu, kwa kidole. Mzee angeguna. Mbweha angegonga mhuri: mema. Kitabu kingesema yupo, anapika. Na mahali fulani, chini ya mito yote, angekuwepo mwanamke mmoja anayemkumbuka, anayejua shingo yake na jina lake na namna anavyokoroma. Je, mtu asiyekumbukwa na aliyemjua yupo kweli? Na akija tena mwakani na sukari, na mwaka wa baada yake? Angeweza kumweka darajani maisha yake yote. Daraja lingekuwa lake, ufunguo wake, na taa angeziwasha apendavyo.

Taa. Alipofika kwenye neno hilo akajiona. Akamwona mtu aliyependa kitu, akafunga daraja kwa ajili ya kukipenda, na mwenye miguu inayouma akasimama upande wa pili. Kumbe kiti cha Liwali si kirefu hivyo. Hata mtu mwenye matope huweza kukikalia, bila kujua, jikoni kwake.

Alitoa ile sukari, akalibandua jani. Mzee wa karatasi alifumba macho, akatoa mdomo mbele kwa mazoea. Kuang akaitia kinywani mwake mwenyewe, yote, akaitafuna. Ilinata menoni, ikanata kwenye kaakaa, ikaishona midomo yake juu na chini. Mdomo uliomlaani Liwali siku elfu moja na zaidi, sasa umefungwa. Akampa mzee ishara kwa mkono: sema.

Mbweha akawasha kijiti cha ubani. "Muda wako ni huu. Kikiisha, umekwisha. Sema ulichokiona jikoni, usiongeze."

Mzee wa karatasi akasema.

"Peilan, mke wa Kuang, amefariki. Ni siku ya kumi na sita ya mwezi wa kumi, jua linazama. Daraja silijui, mimi naona jikoni tu. Niliona mume anatoka mara nne na kurudi mara nne, miguu imelowa. Niliona amechemsha tangawizi, akamnywesha kwa kijiko. Kisha taa zikawaka ng'ambo. Mume akaenda dirishani, akaanza kuwatukana wakubwa. Mke akamwita. Kuang, njoo ukae. Mume hakusikia, alikuwa na makelele. Mke akamwita tena."

Kuang alitaka kusema. Sukari ikamshika.

"Akaona hasikii. Akanigeukia mimi, akaniambia, mwache. Akinyamaza atalia, na akilia hataacha. Mwache apige kelele. Kisha akaendelea kumtazama mgongo, mpaka mwisho. Alikuwa anatabasamu. Hilo nililiona."

Kijiti kilikuwa kimefika nusu. Mbweha alikuwa ameacha kuandika.

"Andika na haya," akasema mzee wa karatasi, "maana niliyabeba miaka thelathini na mmoja na kila mwaka nikazibwa. Kila asubuhi, mke akiamka, hukuta kuni zimepasuliwa, zimepangwa mlangoni. Kila asubuhi, kabla hajawasha, huweka mkono juu ya kuni akasema ahsante. Hamwambii mume. Aliniambia mimi tu. Akasema, huyu mtu anagombana na mvua, anagombana na kuku, lakini shoka analishusha polepole nisiamke. Na baada ya mke kufa, mume ameendelea kupasua, polepole vilevile. Kuni zimefika paani. Basi. Ndiyo taarifa ya jiko hilo."

Kijiti kikaisha. Mbweha akachovya kalamu, akaandika kwa muda mrefu, na alipogonga mhuri hakusema mema. 

Chini, bibi kizee alichota bakuli akamkabidhi Peilan kwa mikono miwili. Peilan akalishika. Akatazama juu. Kuang alikuwa na maneno mengi, mengi mno, na hata moja halikupita. Akaunganisha mikono miwili mbele ya kifua, akainama. Akainuka, akainama tena. Mara tatu, mpaka paji la uso likagonga ukingo wa dirisha.

"Kuang amenyamaza," Peilan akamwambia bibi wa supu. "Leo nimeona."

Akaonja kwanza, kama alivyokuwa akionja uji usije ukamuunguza mtu. Akatikisa kichwa, ameridhika na tangawizi. Akanywa. Kisha akakaa chini. Alikaa hasa, miguu ameinyoosha, pale mwanzoni mwa daraja, pumzi mbili au tatu hivi, kama mtu aliyetoka shamba. Alipoinuka hakutazama juu tena. Alivuka akitazama mbele, kwa hatua za mtu ambaye hajaumwa na miguu kamwe.

*

Wakati wa kurudi, pembeni ya ukumbi, alimkuta yule mnene wa Liwali amekaa juu ya farasi wake, anaguna kidogokidogo. Kuang alimtazama. Zamani angelijua la kumwambia. Sasa alikuwa na mdomo ulioshonwa na kibuyu begani, na kibuyu kilikuwa bado na moto. Hayo maji yangeweza kuyeyusha sukari yake mwenyewe. Akazibua kibuyu, akalowesha kitambaa cha Juhua kwa tangawizi, akaanza kumfuta yule mungu mdomo, taratibu, kama anayemnawisha mgonjwa. Asali ikalainika. Tabaka moja, tabaka la pili. Pembe ya kushoto ya mdomo ikafunguka.

"Rudi kwenye foleni," mbweha akamwambia yule mnene kutoka mezani, akachukua karatasi mpya, iliyo safi, akailaza mbele yake. "Nakungoja."

Kuang hakungoja kusikia. Miaka mitatu alikuwa ameisema habari ile. Sasa ina mwenye kuisema.

*

Alijikuta ameketi mbele ya jiko, magotini majivu. Nje bado ni alasiri ileile. Juhua alikuwa ukingoni mwa kitanda, hajainuka.

"Umefika?" akauliza.

Kuang alitikisa kichwa kwamba ndiyo. Ulimi wake ulikuwa unaipigania sukari. Ilikuwa tamu, alikuwa ameibeba njia nzima bila nafasi ya kuusikia utamu wake. Iliyeyuka polepole, kutoka pembeni kuja katikati, na ilipomwachia kabisa midomo, neno lilikuwa limeshakaa mlangoni linangoja.

"Ahsante, shemeji," akasema. "Ya mikate. Ya mlima. Ya miaka yote hii mitatu."

 Juhua akachukua kikapu kitupu akakiweka magotini, akakishika.

"Amekaa chini?" akauliza baadaye.

"Amekaa. Kisha akavuka."

Siku ya saba Kuang alibandika karatasi mpya katika ule mraba mweupe. Uso mwekundu, ndevu tano, mke ubavuni. Akaenda uani akachukua kuni za chini kabisa, zile za mwaka wa kwanza, akawasha, akaweka uji na tangawizi. Kabla hajaupuliza moto, aliweka kiganja juu ya kuni, mahali pale ambapo mkono mwingine uliwekwa asubuhi elfu kumi na moja naye hakujua.

"Tazama vizuri," akamwambia mzee mpya. "Sitakuziba."